Mwarobaini wa Kanagavalli

Mke wangu Kanagavalli alikuwa mbishi, na kisukari chake kilikuwa kibishi kuliko yeye. Kidonda cha kisigino kilikataa kupona. Mimi ni kondakta wa basi, hushinda barabarani, kwa hiyo alikwenda mwenyewe hospitali kubwa ya Madurai kusafishwa kidonda, akinung'unika.

Binti yetu Thenmozhi alikuwa chuoni akisomea vijidudu. Alichuma majani ya mwarobaini wa uani, akayachemsha, akayachuja, akamimina humo chumvi ya madini ya fedha. Maji yakageuka rangi ya chai. Alisema yamejaa chembe za fedha zisizoonekana kwa macho, na zinaua vijidudu. Akatuonyesha picha kwenye simu: kisahani cha maabara kimeenea ukungu wa vijidudu, katikati duara safi.

"Mama, ona! Mwarobaini wako umewamaliza!"

"Wangu? Ni wa Mariamman." Kwetu kusini mwa India mti huo ni wa mama mungu huyo, mponyaji. Siku hiyohiyo Kanagavalli akaufunga kitambaa cha manjano.

"Lakini ni fedha inayoua, Mama. Tena bado ni dawa ya kisahani, si ya mtu."

"Nimesikia, profesa."

Hakusikia kitu. Aliacha kwenda hospitali bila kutuambia. Akawa anatwanga majani mabichi na bizari ya manjano, anayashindilia kidondani na kujifunga bandeji mwenyewe. Harufu akaifunika kwa ubani.

"Unatufukiza kama mbu?" nikafoka.

"Wewe mbu gani, na tumbo hilo?" Akacheka, nami nikacheka. Mpumbavu mimi.

Homa ilipomwangusha ndipo tulipofungua bandeji. Mguu ulikuwa mweusi hadi chini ya goti.

"Nani alikwambia upake majani?" daktari akauliza.

Uso wa Kanagavalli ukang'aa. "Binti yangu huyu hapa. Msomi. Amegundua mwenyewe."

Thenmozhi angeweza kukana. Badala yake akamfuta mama yake jasho. Wakamwingiza chumba cha upasuaji kumkata mguu, na hakutoka hai.

Thenmozhi hajarudi maabara. Barua za chuo zinakuja, hazifungui. Jana nilimbembeleza: "Mwanangu, mama yako alikufa akikusifu."

"Najua, Baba," akasema. "Afadhali angenilaani."