Uzi Mwekundu wa Boga la Mbegu

…na aliyeisema habari hii kwanza ni Lorenz mwenyewe, mdogo wangu, leo hii, Jumamosi ya kwanza baada ya sikukuu ya Mtakatifu Martini, Novemba, kwenye meza ya marehemu mama, huku akilamba gundi ya bahasha za mbegu, wala hakuisema kama jambo, aliitupa tu kama mtu anavyotupa ganda la karanga, "Dada, lile boga lako la uzi, la mwaka jana, si ndilo lililokaa altareni Sikukuu ya Mavuno? Wewe mwenyewe ulilisifia!" nami nikasema lipi hilo, nikiendelea kupuliza makapi kwenye sahani ya mbegu, maana boga la uzi halitoki bustanini kwetu mpaka nilitoe mimi, naye akacheka, "Paroko alitaka lililo zuri kuliko yote, ningempelekea lipi sasa? Nikalikata, uzi nikaufunga kwenye lingine pale karibu na uzio. Mwaka mzima, dada, na macho yako hayo!" … karibu na uzio, amesema karibu na uzio, bado anacheka, nami nimeacha kupuliza, makapi hayaruki… uzi mwekundu wa sufu, mama alitufundisha sote wawili, jioni unalifunga ua la kike kabla halijafumbuka ili nyuki asiingie, asubuhi unalipaka chavua ya ua la kiume la shina letu, unalifunga tena, na uzi unabaki kwenye kikonyo mpaka vuli kusema mbegu za nyumba hii zimo humu, mengine yote ni ya kuliwa, hayo nyuki ameyachanganya na chavua yoyote, na mwaka jana uzio ule jirani yetu Walburga aliuoteshea maboga ya mapambo, yale madogo yenye chunjua, machungu yasiyolika, ya wajukuu kuchezea tu, yakatambaa hadi upande wetu, niliyaona, nikasema hayanihusu, uzi wangu upo… "Umenuna? Boga ni boga, Rosl. Hapa niandike mwaka gani?" … mbegu zenyewe hizi, nyeupe, nono, nilizikausha juu ya kabati nikizigeuza kila asubuhi, nikazitia kwenye mkebe wenye mchele mkavu wa kunyonya unyevu, nikaziweka stoo gizani, na uangalifu wote huo nilikuwa nahifadhi nini, Mungu wangu, nini… lakini hakuna aliyezipanda, mama alisema mbegu ya boga ilale mwaka mzima kwanza, ikiwa mpya hukimbilia majani, mimi nilipanda za zamani na maboga yangu yalikuwa matamu, hizi zinagawiwa kesho ukumbi wa parokia, hakuna aliyezipanda, hakuna, ila… ila Walburga, ambaye panya walimlia zake, mwaka huu akasimama mlangoni barafu ikiyeyuka, "Nipe hizo hizo mpya, Rosl, kwa umri wangu nikizingoja zilale tutalala pamoja," tukacheka, nikammiminia kiganjani, kwa mkono huu huu… halafu Agosti, mkono wake umevunjika, umefungwa plasta, Alfons mumewe aliyekuwa hajui hata chumvi inakaa wapi akavaa aproni ya mkewe akampikia boga la mbegu zile kwa uyoga aliouokota msituni, yeye mwenyewe haligusi boga tangu utotoni, akala soseji, na jioni Walburga akaniambia uzioni, "Chungu, Rosl, chungu kama nyongo, lakini ningefanyaje? Miaka hamsini, mara ya kwanza kunipikia, amesimama ananitazama mdomoni. Nimekomba sahani, nimemwambia tamu," nikacheka naye, nikawaza uyoga, kwa nini nisiwaze boga, mama alisema boga chungu ni sumu, litemwe, hata nguruwe asipewe, nililijua hilo kabla ya kujua kusoma, lakini boga lilikuwa langu na uzi ulikuwa wangu… usiku ule akaanza kutapika, akapelekwa hospitali, hakurudi, daktari akasema tumbo, moyo, umri, kijiji kikasema uyoga, hata dukani kwa mwoka mikate, mtu akasema mbele ya watu, "Kwa Alfons ukikaribishwa, sema umeshiba," watu wakacheka, na Alfons alikuwa nje mlangoni anafuta viatu, na pale kaburini alinishika mkono wa koti, "Niliutazama wote, Roswitha. Kila mmoja niliugeuza," akarudia, kila mmoja niliugeuza, nami nikamwambia bahati mbaya tu, Alfons, ndivyo nilivyomwambia, bahati mbaya… "Dada? Unaumwa? Rangi imekutoka," … huyu niliyembeba mgongoni mama akiwa shambani, huyu asiyeweza kumzamisha hata panya mtegoni, nikisema, kifo kinatoka mabegani kwa Alfons kinakaa mabegani kwake, kwa sababu ya boga zuri kwa ajili ya Mungu, naweza kusema zimeota ukungu, nikazitupa zote jikoni motoni, kesho hakuna atakayedhurika, hakuna atakayeuliza, ni rahisi, rahisi mno, na Alfons aendelee kuugeuza kichwani uyoga ambao hauna kosa, kila usiku mmoja mmoja, mpaka afe… hapana, mama hakutufundisha hivyo, hapana, nitasema, kwa huyu kwanza, kisha tutavuka naye uzio hadi kwa Alfons, nitamshika mkono kama zamani… "Mwaka gani, Rosl? Wino unakauka," … mama yuko makaburini nyuma ya kanisa, Walburga yuko safu ya mbele yake, udongo wake bado haujatulia, Lorenz yu hai, kalamu iko hewani na hajui lolote, mimi ni hai, na Alfons yu hai, ng'ambo ya uzio, anakula mkate mkavu akiwa amesimama kwa sababu jiko haligusi tena, na mpaka nitakapofungua kinywa, ni yeye aliyemuua mkewe.