Malipo ya Siku Tatu

Siku ya kumi na moja, daktari alimwita fundi cherehani nje ya chumba cha wagonjwa mahututi. Alimweleza bila kuzunguka kwamba mapafu ya baba yake hayatapona. Kinachompumulia ni mashine.

"Mkikubali, tutaizima. Mkitaka aendelee, lipieni siku tatu."

Kabla hajapoteza fahamu, mzee alimwomba huyu binti yake mkubwa arudishwe nyumbani, akafie kitandani kwake. Bahati mbaya walikuwa wawili tu chumbani.

Alimpigia simu mdogo wake, dereva wa lori, aliyekuwa safarini tangu mzee alazwe.

"Alikuambia wewe tu?" dereva alicheka kwa uchungu. "Ana watoto wawili, ananong'oneza mmoja! Dada, sema tu umechoka kulipa."

"Akiba imekwisha. Imebaki nyumba yake."

"Basi iuzwe. Au unataka tumzike upesi, nyumba ubaki nayo wewe?"

Neno hilo lilimchoma. Aliona jinsi litakavyozunguka msibani, na ushahidi hana. Kufikia adhuhuri mwenye duka la jirani, aliyeimezea mate nyumba hiyo miaka mingi, alikuwa na ufunguo mfukoni, na mashine ilikuwa imelipiwa.

Jioni dereva alifika. Aliingia akamkuta baba yake amevimba, mipira ya mashine mdomoni, mikono imefungwa kitandani asije akaichomoa mipira hiyo. Alitoka nje alikokuwa dada yake.

"Dada, nisamehe. Tumrudishe nyumbani."

Dada yake alimwekea mkononi risiti ya siku tatu: "Nyumbani wapi? Ufunguo anao mwenye duka."