Mbona Hawaniibii Tena

Siku Loredana alipoweka chungu chake cha kumi na nne kichochoroni, mimi nilikuwa sijaibiwa kwa wiki tano.

Hapa kwetu maua hayaombwi. Ukiomba tawi ukapewa, halishiki mizizi, na ukisema asante ndiyo umeliua kabisa. Tawi linaloshika ni la kuiba. Mwanamke akipenda ua lako anasubiri uingie ndani kukoroga sosi ya nyanya, anakata, analificha kwenye aproni. Wewe unamsikia na unanyamaza, umesimama jikoni unahesabu milio ya mkasi. Kichochoro chote kilipandwa hivyo, mlango kwa mlango, kwenye vyungu, ndoo mbovu na madebe ya mafuta ya zeituni. Manispaa haikutupa ruhusa, na sisi hatukuiomba.

Kwa miaka ishirini na miwili mimi, Cosima, mshona mapazia, ndiye niliyeibiwa kuliko wote. Asmini yangu ilinyofolewa hadi ikafanana na kuku aliyenyonyolewa. Nililalamika kila siku na kufurahi kila siku.

Kisha akaja Loredana. Babu yake alizaliwa hapa, lakini yeye alikulia Torino, mji mkubwa wa kaskazini, akastaafu kazi ya posta, akafungua nyumba ya marehemu shangazi yake mkabala na mlango wangu. Alikuja na mti wa maua ya buluu, buluu ambayo sijaiona hata kwenye joho la Bikira Maria kanisani. Aliuegemeza kwenye ukuta wa chokaa, na watalii wakaanza kunipa kisogo ili wampige picha yeye.

Watalii ningewavumilia. Nilichoshindwa kuvumilia ni vile vikonyo. Kila asubuhi niliona kwenye ule mti vikonyo vipya vilivyokatwa mshazari, vibichi. Jirani yangu Tonia alikuwa ameiba. Mama mkwe wa Tonia, ambaye kushuka ngazi tu ni kazi, naye alikuwa ameiba.

"Wewe huendi?" Tonia aliniuliza siku moja akimenya maharage mlangoni pake. "Wote tumekwenda. Umebaki wewe tu."

"Niende wapi? Ule mti una rangi ya dawa ya kusafishia choo."

"Cosima, shoga yangu, wivu utakukausha kabla ya asmini yako."

"Asmini yangu haijakauka!"

"Basi mbona haina hata jeraha?"

Neno hilo lilininyima usingizi. Kesho yake saa nane mchana, mji mzima ukiwa umefunga madirisha na kulala, nilitoka na mkasi wangu wa kushonea, nikakata asmini yangu mwenyewe. Matawi sita, mshazari, kama anavyokata mwizi mwenye haraka. Nilitaka Tonia akiamka aone majeraha.

"Dada Cosima?"

Loredana alikuwa amesimama mlangoni pake, macho mekundu, amekumbatia chungu.

"Na wewe wamekukata?"

Nikasukumia mkasi mfukoni. "Wamenikata."

"Nilidhani ni mimi peke yangu. Nimechoka, dada. Kila siku wananikatakata. Nikiwasalimia wanacheka. Nimewakosea nini? Kama hawanitaki si waseme? Leo naingiza vyungu vyote ndani. Nyumba naiuza, narudi zangu Torino."

Moyo wangu, Mungu anisamehe, ulipiga vigelegele.

"Watu wa hapa ni wagumu," nikasema kwa upole.

"Isipokuwa wewe. Huwa nachungulia dirishani. Miezi yote hii hujagusa hata jani langu. Huku sina rafiki mwingine."

Akanishika mkono, mkono ule ule uliokata. Kisha akaniomba nimsaidie kubeba ule mti wa buluu, maana chungu chake ni kizito kwa mtu mmoja. Nikainama upande wangu, yeye upande wake, na kwa mara ya kwanza nikauona mti kwa karibu. Vikonyo! Vilianzia chini kabisa, vikapanda hadi juu, vingine vimepona, vingine vya jana. Nilihesabu hadi thelathini na moja, nikaacha. Mimi, katika enzi yangu yote, sijawahi kuibiwa hivyo.

Na mwenyewe analia.

Sikumwonea huruma, nisidanganye. Niliwaka. Kila nilichokuwa nakililia kwa siri kilikuwa mikononi mwake, naye alitaka kukifungia ndani kama taka.

"Weka chini," nikasema.

"Kizito, eeh?"

"Weka chini, mpumbavu wewe! Wanakupenda!"

Nikamweleza yote kwa kelele, habari ya kuiba na mizizi na aproni. Madirisha yakafunguka. Tonia akatoa kichwa, nywele timtim.

"Nani kafa?"

"Hajafa mtu! Mwambie huyu kwa nini unamwibia!"

"Kwani hajui?" Tonia akajishika mashavu. "Yesu wangu! Mama mkwe alikuwa hajatoka nje tangu Pasaka, na siku aliyotoka, alitoka kwa ajili ya maua yako, mama!"

Loredana akakaa kwenye ngazi, akacheka huku machozi yakimtoka. Mara kicheko kikakatika. Akaniangalia. Kukulia Torino hakukumfanya mjinga.

"Kwa hiyo wewe, dada Cosima," akasema polepole, "miezi yote hii hujaniibia..."

Nikaingiza mkono mfukoni, kwenye mkasi.

Loredana akasimama. Nilidhani ataingia ndani na kunibamizia mlango. Badala yake akageukia ukuta, akanipa kisogo, akatulia hapo kama mtu anayekoroga sosi jikoni, mikono ameifunga kifuani.

Nikatoa mkasi. Nikatafuta tawi lenye maua mengi kuliko yote, lile ambalo mwizi mwenye adabu humwachia mwenyewe, nikalikata hilo. Nilitaka limuume kidogo.