Mtoto wa Kwenye Spika

Mola alipogawa sauti, Munira alipanga foleni mara mbili. Pale Bunju akikuuzia vitumbua utanunua hata kama umeshiba, ndiyo maana watu wa matangazo walimtafuta. Walimpa karatasi, akaisoma kwenye kichumba kilichobandikwa trei za mayai ukutani, kisha sauti yake ikaenda kuzunguka mitaani juu ya bajaji yenye spika. Msiba, mnada wa viwanja, dawa ya kunguni, vyote alivisoma kwa utamu uleule. Mwezi uliopita alisoma karatasi saba kwa siku moja. Ya saba ililetwa na Stanley, mwenye maboza ya kuuza maji. Munira aliuliza ni ya wapi, akaambiwa ni ya huko Ukonga, basi akaisoma akaisahau.

Ijumaa moja baada ya swala ya mchana, joto limeulaza mtaa mzima, naye alijinyoosha mkekani barazani, mwanawe Nusaiba ubavuni. Usingizi ulimchukua nusu, nusu ukamwachia. Katika ile nusu ikaja sauti ya mwanamke kutoka juu, kana kwamba majani ya mlimao ndiyo yanayosema. Ilikuwa laini, ya mtu wa nyumbani.

"Uchungu wa mwana aujuaye mzazi," ilisema. "Wamama wenzangu, juzi mwenzetu kamkimbiza mwanawe hospitali, anatapika, kisa maji ya kisima cha mtaa wetu. Mwenye uchungu haulizi maswali. Tukifukie kabla hakijatufukia."

Munira alimwona huyo mtoto. Haki ya Mungu alimwona, na kaptula yake ya bluu, akielea taratibu juu ya mabati ya nyumba ambazo hazijakwisha kujengwa, akimwita mama yake kwa sauti ya Nusaiba. Akainuka macho hayajafunguka sawasawa, akashika ndoo aliyoteka asubuhi kwa Mwalimu Auleria, akaimwaga yote uani. Mchanga ukayanywa maji papo hapo. Miguu ililowa, na ule ubaridi ndio uliomwamsha.

Bajaji ilikuwa inakata kona, tangazo likirudia. Safari hii aliisikia pumzi. Kabla ya neno "mwana" yule mwanamke alivuta pumzi ndogo, kama anayezuia kilio, na Munira aliijua pumzi hiyo ilikotoka, maana alijifundisha mwenyewe kwa ajili ya matangazo ya misiba. Aliona haya mpaka masikio yakamuwaka. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na huyu aliingia na ndoo yake mkononi.

Kisima chenyewe kilikuwa cha Mwalimu Auleria, mama wa Kihaya aliyestaafu kufundisha, aliyeliacha geti lake wazi mtaa mzima uteke bure miaka kumi na miwili. Nusaiba hakuwahi kunywa maji mengine tangu azaliwe. Munira alimbeba mtoto, akaenda mbio.

Alikuta wanawake wamejaa, lori la kifusi limeshaingiza makalio getini, na mjumbe wa mtaa, Mzee Mwinjuma, akimwelekeza dereva. Kifusi kilikuwa zawadi ya Stanley. Mwalimu Auleria alikuwa amekaa juu ya ukingo wa kisima, mikono mapajani.

Munira aliwaamkia, kisha akauliza huyo mtoto anayetapika ni wa nani. Mama mmoja akasema ni wa kule karibu na msikiti. Wa karibu na msikiti wakasema wao wamesikia ni wa kwenye mashine ya kusaga. Wa mashine ya kusaga wakaangaliana. Mwisho mmoja akasema kwa hasira kwamba dada wa kwenye spika kasema, na dada yule anaonekana ana uchungu.

"Dada yule ni mie," Munira alisema.

Wakacheka. Basi akawasomea tangazo palepale, bila spika, na pumzi yake mahali pake. Kicheko kikakatika.

Mzee Mwinjuma alijikuna kidevu. "Sasa mwanangu, tumwamini Munira yupi? Wa kwenye bajaji au huyu?"

"Msimwamini hata mmoja. Twendeni tukamtafute mtoto."

Wakaenda, mlango kwa mlango, na lile jua likiwazubaisha, ikawa kama watu wanaotembea ndotoni. Wakamkuta mmoja mwenye jipu, mwingine kajikata kidole, mapacha wanapigania muwa. Anayetapika hakuwapo, wala aliyepelekwa hospitali. Kaptula za bluu zilikuwa nyingi tu, kila moja na mtoto mzima ndani yake. Waliporudi walimwamuru dereva akamwage kifusi chake kwenye dimbwi la njia ya shule, naye akashukuru kuondoka.

Munira akabaki na Mwalimu. Alimwomba radhi, akaeleza kwamba alidanganywa, aliambiwa ni kisima cha Ukonga, hakujua kabisa kuwa ni chake.

Mwalimu Auleria alimtazama kwa upole uliouma kuliko kofi. "Na kingekuwa cha Ukonga, mwanangu, ungekuja mbio hivi?"

Mbali, ng'ambo ya barabara ya Bagamoyo, sauti yake ilikuwa inaendelea kuwabembeleza wamama wengine, taratibu, na pumzi yake ileile. Alimkabidhi Mwalimu mtoto, akajifunga kanga vizuri kiunoni, akaifuata ile sauti.