Mtutu wa Masunga

Tangu astaafu uaskari wa wanyamapori, Mzee Donati hakuwa amekanyaga tena Mikumi. Miaka tisa alilima mahindi yake Kilosa, na kila lori lililoelekea huko, moyo wake ulilifuata. Kwa hiyo Irine, fundi wa silaha wa kikosi chake cha zamani, alipompigia simu kwamba kuna bunduki imewashinda, alipanda gari la kwanza la asubuhi.

"Shikamoo, mzee. Hii inatupa risasi pembeni, mita mia tu. Nimekaza kila skrubu, wapi!" Irine alisema, akimkabidhi bunduki karakanani.

"Marahaba, mwanangu."

Alichungulia ndani ya mtutu, ameuelekeza dirishani. Michirizi ya ndani, ile inayoizungusha risasi ili iende moja kwa moja, ilikuwa bado kali. Mdomoni tu ndipo ilipolika, upande mmoja, kama kisigino cha kiatu kikuukuu.

Akaushusha mtutu. "Hii ilikuwa ya Masunga, mwenzangu wa doria."

"Umejuaje? Hata namba hujasoma."

"Alikuwa akiingiza ufito wa kusafishia kwa mdomoni badala ya nyuma, ukawa unasugua chuma. Nimemgombeza miaka kumi na minne! Ananijibu, 'Donati, wewe oa bunduki, mimi nina mke.'"

Alicheka, akaipakata bunduki mapajani. Masunga alifariki masika yale Donati alipostaafu. Mafuriko yalikata njia, rafiki yake akazikwa yeye hayupo.

Irine alimweleza kwamba mtutu mpya umeshafika, wa chuma cha pua, usioshika kutu upesi kama huu mweusi. Huu ungekatwakatwa, ndiyo sheria.

Donati hakuomba apewe. Aliomba kitambaa na mafuta. Akausafisha kuanzia nyuma, taratibu, mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Irine alitaka kusema kwamba kitu cha kukatwa hakina haja ya kusafishwa. Badala yake akamsogezea kiti.

Akisubiri gari la kurudi, mzee alimpigia simu Kishiwa, mjane wa Masunga, kule Zombo.

"Shemeji, leo nimeishika bunduki ya mwenzetu."

Kishiwa aliuliza, "Ina kutu?"

"Hata chembe."

"Alikuwa haachi kuisugua," Kishiwa alisema, sauti imelowa. "Nilikuwa naionea wivu."

"Shemeji, kesho nakuja. Sijaliona kaburi lake."

"Miaka yote hii nilikuwa nakungoja," alijibu. "Njoo asubuhi, jua halijawa kali. Kutoka barabarani ni mwendo."