Kidirisha cha Tisa

Ukuta ule wa chumba cha kurushia matangazo ya televisheni ulikuwa na vidirisha kumi na sita, na kimoja tu ndicho kilichozungushiwa fremu nyekundu: kile ambacho watu walikuwa wanakitazama majumbani. Saa nne asubuhi kilikuwa cha nne, mheshimiwa akisubiri kupewa mkasi akate utepe wa barabara mpya. Cha tisa hakikuwa na fremu. Ndani yake alikuwamo mama yake Macho.

Jina la Macho alipewa na wenzake kazini, kwa utani, maana kwa miaka kumi na mmoja alikaa mbele ya ukuta huo na paneli yake ya vitufe, akizikodolea macho picha zote kwa mpigo. Miaka kumi na mmoja, na bado kibarua. Ajira yake ilikuwa "inashughulikiwa". Kila kitufe alikibandika kipande cha karatasi chenye mwandiko wake. Hakuna aliyeujua ukuta ule kama yeye.

Mama alikuwa ameketi mlangoni kwake kwenye kiti cha plastiki, amevaa gauni la kutokea, mkoba mapajani. Mbele yake palikuwa na tingatinga lililokuja kubomoa nyumba kupisha barabara. Barabara ni ile ile, ila huku hapakuwa na utepe. Majirani walihama tangu juzi. Mama peke yake alikataa, na kosa lilikuwa la Macho.

Siku moja, kwa kuchoka kumwona akilia, Macho aliropoka: "Basi kaa, Mama. Wakija nitakuweka hewani. Nchi nzima ikikuona, nani atathubutu?"

Mama alilishika neno hilo. Aliwatambia majirani mpaka wakachoka naye: "Mwanangu ndiye anayewasha televisheni, nyie!"

Sasa alikuwa anaitazama kamera moja kwa moja, akiongea. Chumbani haikusikika ila sauti ya picha yenye fremu. Za wengine zilionekana tu: kando ya kila kidirisha palikuwa na mstari wa kijani unaopanda mtu akisema na kushuka akinyamaza. Mstari wa Mama ulipanda na kushuka polepole. Macho aliujua mwendo huo tangu utotoni.

"Dada Macho," mpigapicha alimwita kwenye spika za masikioni, "huyu bibi nimembandika maikrofoni kifuani. Anauliza kama ameanza kuonekana. Nimjibu nini?"

"Mwambie bado kidogo."

Akamgeukia Bosi, aliyesimama nyuma yake na kikombe cha chai. "Bosi, cha tisa wanabomoa na mtu yumo."

"Habari iko cha nne."

"Ni mama yangu."

Bosi alikitazama kidirisha. "Pole sana," alisema, na kweli alionekana kuguswa. "Lakini unajua leo nani anatutazama. Ukimweka huyo, kesho mimi na wewe tuko barabarani, na nyumba itabomolewa vilevile. Barua yako ya ajira nimeisaini jana. Usiniangushe, Macho."

Simu ya mezani ikaita. Bosi alipogeuka kuipokea, Macho alibonyeza tisa. Kitufe kiliwaka kama siku zote. Fremu nyekundu haikusogea. Akabonyeza tena, kwa nguvu, kana kwamba tatizo ni kidole.

Mwezi uliopita alitumwa kufunga paneli ya pili ofisini kwa Bosi, ghorofa ya juu, yenye amri kubwa kuliko hii ya chini. Aliifunga vizuri, akasifiwa. Tangu asubuhi wageni wa mheshimiwa walikuwa wamekaa huko.

"Usijisumbue," alisema Bosi, simu bado sikioni. "Leo inaendeshwa kutoka juu."

Tingatinga likaanza kusogea. Mama hakuinuka. Alinyoosha kidole kwenye kamera, na papo hapo kidirisha cha tisa kikawa cheusi. Huko juu walikuwa wameiondoa picha. Hawakujua kwamba mstari wa sauti huondolewa peke yake, kwa kitufe cha paneli ya chini, wala hawakujua kwamba kitufe hicho kipo.

Mstari ukabaki kando ya weusi ule. Ulipanda, ukawa wa njano, ukawa mwekundu. Kwenye spika za chumba watu walikuwa wanapiga makofi.

"Dada, bibi amegoma kutoka! Anasema mwanawe anamwona. Tumemwonyesha au bado?"

Macho alibonyeza tisa tena.

"Na huo mstari?" Bosi aliuliza, akiziba simu kwa kiganja. "Wageni wanauliza ni kitu gani. Ufute."

Kidole cha Macho sasa kilikuwa juu ya kitufe cha mstari, juu ya mwandiko wake mwenyewe. Kabla hajakibonyeza, mstari ulishuka wenyewe, mara moja, mpaka chini kabisa, ukatulia.

"Ahsante," alisema Bosi.