Vyura Mia Mbili na Arobaini

…na rinda la nne halikutaka kukaa, likateleza tena, Iroshini akalikunja upya akiwa amepiga magoti kwenye sakafu ya chumba chao cha bweni, pini tano amezibana kwa midomo, akijiambia kwamba hariri ndiyo inayoteleza, si yeye anayekosea, akosee kwa lipi, anamvisha rafiki yake sari aende akasome utafiti wake mbele ya maprofesa, kumvisha ni kazi ya dakika kumi, basi, wala hakuna aliyemlazimisha… ila sari yenyewe ni ya mama yake, ya rangi ya jani la mpunga, imetoka Matale kwa basi ndani ya mfuko wa plastiki, na mama kwenye simu alisema mpe Sandunika avae, maskini, dada zake wote wameolewa wakaondoka na sari zao, na wewe utaivaa zamu yako ikifika, zamu yako lini, mwanangu, na Iroshini akajibu karibuni, Amma, karibuni, akakata simu akijidai chaji imekwisha. Juu ya kichwa chake Sandunika alikuwa akisoma hotuba yake kwa mara ya sita tangu chai, mikono ameitanua asivuruge nguo, sauti ile ile ya kuongea na watu wakubwa, "Waheshimiwa wahadhiri, wanafunzi wenzangu, mabonde ya mpunga ya wilaya yetu…" mabonde ya mpunga, msikie, mtu aliyelia mwaka wa kwanza alipoambiwa ashike chura, akakimbilia nje ya maabara viatu mkononi, leo ndiye bingwa wa vyura, leo ana dakika kumi na tano jukwaani na bango lenye jina lake, na wakimpenda basi wiki nane Japani, maabara ya watu, theluji, picha za theluji atakazotuma kwenye kundi la darasa na wote waandike hongera, na Iroshini naye aandike hongera, aweke na ua…

Kwa sababu tangazo aliliona yeye kwanza, hilo Mungu anajua, lilibandikwa Februari kwenye ubao wa idara, wanafunzi wa mwaka wa tatu wanaopenda kufanya utafiti nje ya masomo ya darasani wamwone Dokta Wijekoon, alilisoma mara mbili, akaenda zake akingoja kuitwa, maana nani katika idara nzima hajui nani wa kwanza darasani, nani mwenye kuppi inayojaa mpaka watu wakae madirishani, kila mitihani ikikaribia ni Iroshini tufanyie kuppi ya jenetikia, Iroshini kuppi ya takwimu, yaani mwanafunzi kuwafundisha wenzake bure kwa chaki aliyoomba kwa mlinzi, naye akangoja wiki, akangoja mbili, mvumilivu hula mbivu, na mbivu zikaliwa na asiyevumilia hata dakika, Sandunika wa alama za katikati, Sandunika wa kuuliza uliza, alipita pale akiwa na mkate mkononi, akasoma, akagonga mlango wa Dokta mkate ukiwa bado mkononi, akasema mimi sijui sana lakini nataka. Nataka. Hivyo tu. Iroshini alipoambiwa alicheka, akamkumbatia, na tangu siku hiyo hakufanya tena kuppi, akisingizia kichwa kinamuuma, na kila siku kilimuuma kweli.

"Nimebana sana?" aliulizia puani, kwa sababu ya pini.

"Bana tu, shoga, bora nikose pumzi kuliko inidondoke mbele ya Profesa Abeykoon," akasema Sandunika, akaendelea pale pale, "nilipima jumla ya vyura mia mbili na arobaini, mia na ishirini kutoka majaruba yaliyopigwa dawa, mia na ishirini kutoka yasiyopigwa…" na Iroshini akashika rinda la tano bila kulikunja, kwa sababu majaruba ni mangapi, alijua ni mangapi, alimsindikiza Sandunika mara moja akarudi na ruba wawili mguuni, majaruba manne, mawili huku na mawili huku, basi, na mtu akionja vijiko arobaini kutoka sufuria moja ameonja sufuria moja, hajaonja sufuria arobaini, na vyura waliolala tope moja, wakala wadudu wale wale, hawawezi kuhesabiwa kana kwamba kila mmoja ameletwa kutoka wilaya yake, kwa hiyo mia mbili na arobaini ile si mia mbili na arobaini, ni nne, utafiti wote umesimama juu ya nne… na furaha ikampanda kutoka tumboni, furaha ya haramu, ya moto, mpaka akaogopa itaonekana usoni, akainamisha kichwa zaidi. Maana Abeykoon swali lake ni moja kila mwaka, mzee yule, anavua miwani na kuuliza kwa upole mlipima mahali pangapi, na wengine wameshuka jukwaani wakilia kwa upole ule. Na Dokta Wijekoon hayupo, yuko ng'ambo tangu mwezi uliopita, anajibu barua pepe kwa neno moja, vizuri. Kwa hiyo hakuna wa kumwambia. Na Iroshini ana pini mdomoni, mtu mwenye pini mdomoni hasemi, angemeza, si kazi yake, hakugonga mlango wowote yeye, acha wenye kugonga milango wajue yaliyomo ndani…

"…na kwa kuwa kila chura ni kipimo kimoja kinachojitegemea," Sandunika alisoma, na hapo Iroshini akasikia kitu kibaya, akasikia chaki, kila chura ni kipimo kimoja kinachojitegemea, maneno hayo hayakuwa ya Sandunika, Sandunika hasemi hivyo, yalikuwa ya mtu aliyesimama mbele ya ubao Novemba iliyopita, mvua ikipiga mabati, watu hamsini wakiandika, mtu aliyesifiwa mpaka akalewa sifa, mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na yeye alilitia, alitaka kumaliza sura tatu kabla ya chakula, akafupisha njia, akasema msihangaike na mahali, hesabuni wanyama, wanyama wengi ndiyo nguvu ya takwimu… na kulikuwa na mkono uliopanda, nyuma kule, karibu na mlango, Sandunika, nani tena, na Sandunika aliuliza lakini si wanaishi pamoja hao, hawataambukizana tabia, si watakuwa kama ndugu wa nyumba moja, na Iroshini akageuka na chaki yake akasema Sandu, usitucheleweshe na ukoo wa vyura, chura mmoja, namba moja, andika, na hamsini wote wakacheka, na Sandunika akacheka nao, akainama, akaandika.

Aliuliza. Alikuwa sahihi, Novemba, bila kitabu, na Iroshini alikuja kujua ukweli Aprili, kwa kitabu alichoazima baada ya Sandunika kuchaguliwa, alikisoma kwa hasira apate cha kumzidi, akafika kwenye ukurasa ule, masikio yakamwaka, akakifunga, akajiambia mitihani imeshapita, nani anakumbuka, na hakumwambia mtu hata mmoja kati ya wale hamsini, kwani kuppi si ameshaacha… na kumbe huyu hapa alikumbuka neno kwa neno, alilibeba mpaka matopeni miezi mitatu, akishika vyura anaowaogopa, mia mbili na arobaini, mmoja mmoja, kwa sababu Iroshini alisema. Na akimwambia sasa, zimebaki dakika arobaini, zinatosha, anaweza kusema wazi tangu mwanzo kwamba ni majaruba manne, kwamba huu ni mwanzo tu, na Abeykoon anapenda mtu anayejua mpaka wake, huenda akampenda hasa kwa hilo, huenda akampeleka Japani kwa hilo, na Iroshini ndiye atakuwa amempeleka. Na Sandunika atajua. Hamsini watajua. Bado aliitaka ile theluji, aliitaka mpaka meno yakamuuma, wivu haukupungua hata punje, ila sasa hakuwa na pa kuuegemeza.

"Mbona umeacha, marinda yameisha?" Sandunika aliuliza, bila kutazama chini, kidole kikiwa kwenye mstari wake.

Rinda la tano lilikuwa bado mkononi. Iroshini akatema pini kwenye kiganja, moja moja, mpaka ya tano.

"Sandu," alisema, "ile Novemba, ulipouliza juu ya ndugu wa nyumba moja. Uliuliza vizuri. Mimi ndiye niliyekosea."